Kuondoa njia zilizochorwa na otoruta

Kuondoa njia zilizochorwa na otoruta ni kazi ya kurudisha bodi ya saketi, ndani ya programu ya usanifu, kwenye hali iliyokuwa nayo kabla kompyuta haijachora njia za shaba zinazounganisha vijenzi vyake. Kinachofutwa ni shaba tu. Miunganisho yenyewe haifutwi: programu huendelea kukumbuka kwamba mguu huu wa kijenzi unapaswa kufika kwenye mguu ule, nayo huonyesha deni hilo kwa mstari mwembamba ulionyooka. Katika programu ya EAGLE kazi hii hufanywa kwa amri ya RIPUP, na katika Altium Designer kwa menyu iitwayo Un-Route. Programu nyingine zina majina yao.

Otoruta ni sehemu ya programu inayochora njia zote yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Wanafunzi huipenda kwa sababu huikamilisha bodi ndogo kwa sekunde chache. Hata hivyo, bodi iliyokamilika kwenye skrini si lazima iwe bodi itakayofanya kazi mezani, na ndiyo maana msanifu anahitaji kujua namna ya kuiondoa kazi ya otoruta bila kuharibu kazi aliyoifanya kwa mkono wake.

Njia, neti na nyuzi hewa

Bodi ya saketi ni kibao kisichopitisha umeme, mara nyingi cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, chenye utando wa shaba upande mmoja au pande zote mbili. Shaba hiyo huliwa kwa kemikali hadi zibaki njia nyembamba pamoja na pedi, yaani vibaka ambavyo miguu ya vijenzi hulehemewa. Njia ikihitaji kuhama kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini hupitia tundu dogo lililopakwa shaba ndani, liitwalo via.

Msanifu huanza kwa mchoro wa saketi, unaosema nini kinaungana na nini bila kujali mahali. Miguu yote inayopaswa kuunganishwa pamoja huunda neti moja. Neti ya ardhi, ambayo kwa kawaida hupewa jina GND, inaweza kuwa na miguu mingi sana, wakati neti ya swichi inaweza kuwa na miwili tu. Mchoro ukishahamishiwa kwenye bodi, kila muunganisho ambao bado hauna shaba huonyeshwa kwa uzi hewa, yaani mstari wa moja kwa moja kati ya pedi mbili usiojali kilichopo katikati. Katika EAGLE nyuzi hewa hukaa kwenye tabaka namba 19, liitwalo Unrouted, wakati shaba ya juu iko tabaka namba 1 na ya chini namba 16.

Kuchora njia ni kugeuza uzi hewa kuwa shaba. Kuondoa njia ni safari ya kurudi: shaba hugeuka tena kuwa uzi hewa. Mwanafunzi asiyejua hili hujaribu kutumia amri ya kawaida ya kufuta, DELETE, na hapo EAGLE humkatalia. Mchoro na bodi vikiwa vimefunguliwa pamoja, programu huhakikisha vinasema jambo moja, kwa hiyo hairuhusu kufuta kwenye bodi njia au via ya neti iliyounganishwa na vijenzi. Ujumbe unaotokea humtaka msanifu akafanye badiliko hilo kwenye mchoro. Ni ushauri unaopotosha kwa mtu aliyetaka kuchora njia upya tu, kwa sababu akiufuata ataufuta muunganisho wenyewe, na uzi hewa utatoweka pamoja nao. Programu haitamkumbusha tena kwamba kuna kitu hakijaunganishwa.

Kwa nini njia za otoruta huondolewa

Otoruta hutafuta nafasi. Haijui kazi ya neti yoyote isipokuwa ile iliyoelezwa kwa kanuni: upana wa njia, umbali kati ya njia na njia, gharama ya kutoboa via. Msanifu asipoandika kanuni hizo, neti inayobeba mkondo wa mota hupewa njia nyembamba sawa na ile ya taa ndogo ya kuonyesha. Njia nyembamba ina ukinzani mkubwa zaidi, hupoteza volti na hupata joto, na mkondo ukizidi sana shaba huungua.

Mfano ulio wazi ni kidhibiti kidogo ATmega328P, kilichomo kwenye bodi za Arduino Uno. Kikitumia kristali ya megahezi 16, kristali hiyo huunganishwa kwenye miguu ya 9 na 10 ya chipu yenye miguu 28, pamoja na kapasita mbili ndogo zinazokwenda ardhini. Njia hizi zinatakiwa ziwe fupi sana, kristali ikiwa imebanwa karibu na chipu, kwa sababu njia ndefu huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji usiotakiwa na hudaka makelele ya umeme. Otoruta inaweza kuzizungushia nyuma ya soketi kwa sababu tu neti nyingine ilitangulia kuchukua nafasi ya karibu. Bodi itapita ukaguzi wote wa programu, kisha saa ya chipu inaweza kukataa kuanza au kuanza siku moja na kukataa siku nyingine. Hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuitafuta kwa sababu kila kipimo cha mwendelezo wa waya kinaonyesha sawa.

Kapasita za nanofaradi 100 zinazowekwa kando ya miguu ya umeme ya chipu ni mfano wa pili. Kazi yake ni kutoa mkondo wa haraka chipu inapobadili hali. Kwa otoruta kapasita hiyo ni pedi mbili tu kati ya pedi nyingi za neti za umeme na ardhi, na inaweza kuifikia kwa njia inayozunguka bodi nzima. Kapasita ipo, imelehemewa vizuri, lakini haisaidii kitu.

Kwa anayetengeneza bodi nyumbani au katika karakana ya chuo kuna sababu nyingine, via. Kiwandani matundu hupakwa shaba ndani kwa mashine. Mezani, kila via hutobolewa, hupitishwa kipande cha waya na kulehemewa pande zote mbili. Otoruta ambayo haikuelezwa kwamba via ni ghali hutawanya via ovyo, tena mara nyingine chini ya chipu, mahali ambapo ncha ya chuma cha kulehemu haifiki.

Njia huondolewa pia kijenzi kinapohamishwa. Njia zilizokwisha kuchorwa huvutwa nacho, hupindana na kukatiza nyingine, na kuzirekebisha moja moja huchukua muda mrefu kuliko kuzing'oa zote na kuanza tena.

Si sawa na kutendua

Jambo la kwanza linalomjia mtumiaji wa kompyuta ni kubonyeza Ctrl na Z. Kutendua hurudisha nyuma hatua kwa mpangilio wa wakati: hatua ya mwisho hutoka kwanza. Kuondoa njia hakujali wakati bali kile kilichochaguliwa: neti fulani, eneo fulani au bodi nzima. Msanifu aliyeendesha otoruta asubuhi, akarekebisha njia za umeme kwa mkono hadi jioni, kisha akaamua kwamba kazi ya asubuhi haifai, hawezi kutendua bila kupoteza marekebisho ya mchana kutwa. Anaweza kuondoa neti zote isipokuwa zile za umeme.

Tena kutendua hakuwezekani kila mara. Mwongozo wa EAGLE unaeleza kwamba amri ya UNDO hurudi nyuma hadi amri ya mwisho ya EDIT, OPEN, AUTO au REMOVE, na AUTO ndiyo otoruta yenyewe. Ukuta umejengwa mahali hasa ambapo mtumiaji alitaka kupita. Katika KiCad, ambako njia zinazotoka kwenye otoruta ya nje huingizwa kwa faili, matoleo kadhaa ya zamani yalifuta orodha nzima ya hatua za kutendua faili hilo lilipoingizwa.

Kwa hiyo nakala ya faili kabla ya kuendesha otoruta ni kinga bora kuliko amri yoyote. EAGLE husaidia kidogo hapa: kila bodi inapohifadhiwa, toleo lililotangulia hubaki kwenye folda likiwa na kiambishi .b#1, la kabla yake .b#2, na kuendelea hadi .b#9. Mchoro nao hubaki kama .s#1 na wenzake. Kubadili kiambishi kuwa .brd hulifanya toleo la zamani lifunguke tena. Sharti lake ni kwamba bodi na mchoro vitoke wakati mmoja, kwani bodi ya zamani ikifunguliwa na mchoro mpya programu hutangaza kwamba havilingani, na kuvipatanisha ni kazi ya mkono.

Katika EAGLE

EAGLE ilitolewa mwaka 1988 na kampuni ya CadSoft ya Ujerumani. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya kihariri cha michoro ya bodi kilicho rahisi kutumia. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Autodesk, na mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba EAGLE ingeendelea hadi tarehe 7 Juni 2026, kazi zake zikihamia kwenye programu ya Fusion. Kwa miaka mingi toleo lake la bure, lililowekewa kikomo cha ukubwa wa bodi, lilikuwa mlango wa kwanza wa wanafunzi na mafundi wa nyumbani, na mafunzo mengi yaliyopo bado yanatumia amri zake.

RIPUP huandikwa kwenye mstari wa amri juu ya bodi. Ikiandikwa peke yake na kumalizwa kwa nukta mkato, RIPUP; huondoa njia za neti zote. Ikifuatwa na majina, kama RIPUP GND VCC; huondoa njia za neti hizo mbili tu. Alama ya mshangao hugeuza maana: RIPUP ! GND VCC; huondoa kila kitu isipokuwa GND na VCC. Umbo hili la tatu ndilo lenye manufaa zaidi na ndilo linalojulikana kidogo zaidi. Anayetumia kipanya hubofya alama ya amri hiyo kisha njia anayotaka kuiondoa. Katika matoleo ya zamani aliyetaka kuondoa zote alibofya alama ya taa za barabarani, na programu ilimuuliza kwanza kama ana hakika.

Amri hii hugusa neti zilizounganishwa na vijenzi pekee, hivyo mistari ya pembeni isiyo na kijenzi, kama alama za kukatia bodi, hubaki. Otoruta ya EAGLE ina adabu inayofanana: njia alizozichora msanifu kabla ya kuiendesha haizigusi. Lakini RIPUP; haina adabu hiyo. Haitofautishi njia ya mkono na njia ya mashine, na mtu aliyechora kristali na umeme kwa saa mbili huzipoteza pamoja na zile za otoruta. Dawa ni kuandika majina ya neti za mkono mahali fulani, kisha kuziweka baada ya alama ya mshangao.

Maeneo makubwa ya shaba, ambayo aghalabu hutumika kwa neti ya ardhi, yana kanuni yao. EAGLE huyachora kama poligoni, na eneo hujazwa shaba pale tu programu inapopiga hesabu. Amri RIPUP @; hurudisha poligoni kwenye mipaka yake mitupu bila kuzifuta, na RIPUP @ GND; hufanya hivyo kwa neti moja. Mwanafunzi anayeona ardhi yake yote imetoweka mara nyingi hajapoteza kitu: amri ya RATSNEST huijaza tena. Amri hiyohiyo hupanga upya nyuzi hewa, ambazo baada ya RIPUP zinaweza kubaki zikifuata mikunjo ya njia za zamani badala ya umbali mfupi zaidi.

Katika programu nyingine

KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa, ni programu huria na katika matoleo yake ya sasa haina otoruta ndani yake. Bodi hutolewa kama faili la aina ya .dsn, hufunguliwa kwenye otoruta ya nje kama Freerouting, na matokeo hurudi kama faili la .ses. Kuondoa njia kuna ngazi mbili. Njia zilizochaguliwa huondolewa kwa amri ya Unroute Selected. Kwa bodi nzima kuna dirisha la Global Deletions kwenye menyu ya kuhariri, ambalo humruhusu msanifu kuchagua kufuta njia na via bila kugusa vijenzi, na kutenganisha zilizofungwa na zisizofungwa. Kufunga njia za mkono kabla ya kitu kingine chochote huifanya kazi ya baadaye kuwa ya mibofyo michache.

Altium Designer, iliyotokana na programu ya Protel ya Australia, hupanga Un-Route kwa wigo: bodi yote, neti moja, muunganisho mmoja, kijenzi kimoja au chumba, yaani eneo lililowekewa mpaka kwenye bodi. Kuchagua kijenzi ni rahisi pale chipu moja inapohamishwa, kwa kuwa njia zinazoifikia tu ndizo huondoka. Otoruta yake, Situs, ina chaguo la kufunga njia zote zilizokuwepo kabla haijaanza.

Fritzing, iliyoanzia katika chuo cha Potsdam nchini Ujerumani na inayotumiwa sana na wanaoanza, hugeuza mambo. Otoruta yake huchukulia njia kuwa mali yake, na inaweza kuzing'oa inapoendeshwa upya, isipokuwa zile zilizowekewa alama ya kutoguswa. Asiyeweka alama hiyo hushangaa kuona kazi yake ya mkono imepangwa upya.

Otoruta inayojing'olea njia

Kung'oa njia si kazi ya binadamu pekee. Mwaka 1961 C. Y. Lee alichapisha algoriti ya kutafuta njia ndani ya gridi: kutoka pedi ya kwanza namba huenea kama mawimbi, 1 kwa vyumba vya jirani, 2 kwa majirani wao, hadi wimbi lifike pedi ya pili, kisha njia hufuatwa kwa kurudi nyuma kwenye namba zinazopungua. Kama njia ipo, algoriti hii itaipata, nayo itakuwa fupi kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba hushughulikia muunganisho mmoja kwa wakati. Njia ya kumi inaweza kukosa pa kupita si kwa sababu bodi ni ndogo, bali kwa sababu ya tatu ilipita katikati ya uwanja. Ukibadili mpangilio, nyingine hukwama.

Suluhisho lililokubalika ni kuiruhusu mashine ing'oe njia inayoziba, ipitishe ile iliyokwama, kisha iitafutie iliyong'olewa mahali pengine. W. A. Dees na P. G. Karger waliandika kuhusu mbinu hii mwaka 1982, na mwaka 1995 Larry McMurchie na Carl Ebeling walieleza algoriti ya PathFinder, ambamo njia huruhusiwa kwanza kupitia mahali pamoja, kisha gharama ya mahali palipogombaniwa hupandishwa kila mzunguko mpaka baadhi zikubali kuzunguka. PathFinder ilikusudiwa chipu zinazoweza kupangwa upya na mtumiaji, si bodi, lakini tatizo ni lilelile.

Kung'oa huku kunahitaji breki, la sivyo njia mbili zingeng'oana bila mwisho. Otoruta ya EAGLE ina vipimo vitatu kwa kazi hiyo, RipupLevel, RipupSteps na RipupTotal, vinavyoweka kikomo cha idadi ya njia zinazoweza kung'olewa kwa ajili ya moja iliyokwama na urefu wa mlolongo wa kung'oa. Kikomo kikipitwa, otoruta hurudisha hali iliyokuwepo kabla ya jaribio hilo na kuutangaza muunganisho huo kuwa haukuwezekana. Kwa sababu hiyo bodi iliyofika asilimia 98 mara nyingi haisogei hata ikiendeshwa upya. Kuondoa kwa mkono neti chache zilizobanana, kusogeza kijenzi kimoja na kuiendesha tena huwa na matokeo kuliko kuongeza vikomo.

Ukaguzi baada ya kuondoa

Hatari ya kuondoa njia nusunusu ni vipande vinavyobaki: via isiyoelekea popote, au kijinjia kilichokatika karibu na pedi. Vipande vinavyobaki na jina la neti yao havileti mgongano wa umeme, lakini huziba nafasi na kuichanganya otoruta inaporudi.

Hatari kubwa zaidi ni muunganisho uliosahauliwa. Katika EAGLE, njia ya juu na ya chini zinaweza kuishia mahali pamoja kabisa huku via iliyoziunganisha imeondolewa. Uzi hewa kati yake hauna urefu, kwa hiyo hauonekani kama mstari bali kama msalaba mdogo, ambao hufichwa kwa urahisi na rangi za matabaka mawili. Bodi ikitengenezwa hivyo, njia inakatika katikati ya hewa, na fundi atalazimika kulehemu kipande cha waya juu yake, ikiwa ataligundua tatizo. Njia ya kuaminika ni kuzima matabaka yote ya shaba, kuacha tabaka la 19 peke yake na kutazama kama kuna chochote kinachobaki, kisha kuendesha RATSNEST. Programu ikijibu kwamba hakuna la kufanya, nyuzi hewa zimekwisha. Katika KiCad idadi ya miunganisho isiyochorwa huonekana chini ya dirisha, na ukaguzi wa kanuni za usanifu huitaja mmoja mmoja pamoja na mahali ilipo.